Kura ya Ushauri

Jumapili ina saa chache na padre ni mmoja. Parokia ya kawaida katika Jimbo Katoliki la Kisii ina kanisa la parokia pamoja na vigango vilivyotawanyika vilimani, kila kigango kikitaka Misa yake, na mvua ya Gusii haijali barabara wala ratiba ya padre. Hesabu hiyo haijawahi kukubali tangu 1911, Wamisionari wa Mill Hill walipofungua misheni ya Nyabururu, si mbali na soko la Mosocho. Aliyeziba pengo siku zote ni mlei: mwanamume au mwanamke aliyebatizwa, mwenye shamba la migomba na ng'ombe wa kukama, anayefungua mlango wa kanisa asubuhi na kuwaambia watu wasome ukurasa gani.

Kwa hiyo mada ya kukuza uongozi wa walei, ambayo siku hizi ina semina, kalamu za bure na chai ya saa nne, hunitatiza kidogo. Inasemwa kana kwamba watu wa Mosocho wanangoja kufundishwa kuongoza. Hawajawahi kukosa viongozi. Walichokosa ni mambo ya kuamua. Nitaongeza jambo la pili, ambalo halisemwi kwenye semina kwa sababu wanaohudhuria ndio wanaohusika: pale ambapo walei wamekuwa na uamuzi mikononi mwao bila kuhitaji ruhusa ya padre, hawakuutumia vizuri kila mara.

Tuanze na katekista, maana ndiye aliyebeba mzigo kabla ya kamati yoyote kuzaliwa. Yeye ndiye aliyefundisha sala, akaandika majina ya wakatekumeni kwenye daftari, akaongoza ibada ya Dominika bila padre na kuzika wafu padre akiwa upande wa pili wa mto. Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua iitwayo Antiquum Ministerium, akaifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ambayo mtu hukabidhiwa na askofu kwa ibada maalumu. Ni heshima iliyochelewa lakini ni heshima. Ibada hiyo haikuja na mshahara.

Anayetaka kuona walei wakiongoza bila padre kabisa aangalie Buganda. Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka huko, wakaenda kukaa Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, na hawakurudi hadi Julai 1885. Waliacha Wakristo wachache waliobatizwa na mafundisho yasiyokamilika. Kwa mujibu wa kila kanuni ya usimamizi, kikundi hicho kilipaswa kusambaratika. Badala yake kiliongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikusanya vijana wa ikulu. Matias Kalemba Mulumba na Andrea Kaggwa walifundisha majumbani mwao. Mapadre waliporudi walikuta watu wengi wanaongoja ubatizo kuliko walioachwa. Balikuddembe alipouawa Novemba 1885, Karoli Lwanga alichukua nafasi yake, na Mei 1886, walipojua kwamba kifo kiko karibu, alibatiza kwa mkono wake baadhi ya wenzake ambao walikuwa bado wakatekumeni. Kati ya mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda hakuna padre hata mmoja. Kila Juni 3 maaskofu wengi hukusanyika Namugongo kuwaheshimu, na sijui ni wangapi kati yao hurudi nyumbani wakiwa na wazo kwamba halmashauri ya parokia ingeweza kupewa funguo za sanduku.

Gusii nayo ilipata kipindi chake kifupi cha namna hiyo. Septemba 1914 vita vya Wazungu vilifika Kisii mjini, Wajerumani wakitokea upande wa Tanganyika, wamisionari wakaondoka na misheni zikaporwa. Ni rahisi kusema kwamba uporaji ule unaonyesha Ukristo ulikuwa bado juujuu. Mimi naona kitu kingine. Misheni ya miaka 3 ilikuwa bado ni mali ya Wazungu machoni pa kila mtu, akiwemo Mzungu mwenyewe, na mtu halindi nyumba ambayo hajawahi kuambiwa ni yake. Tofauti kati ya Buganda ya 1882 na Nyabururu ya 1914 haikuwa imani tu. Balikuddembe alikuwa tayari na watu wake kabla mapadre hawajafunga mizigo.

Mosocho yenyewe ina historia ambayo wengi hupita karibu nayo bila kuiona. Jimbo la Kisii liliundwa Mei 1960, na askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Michael Otunga, mwana wa Chifu Sudi Namachanja wa Bungoma, ambaye baadaye, 1973, akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Jina lake ndilo lililobaki juu ya lango la shule ya upili ya wavulana ya Mosocho, Cardinal Otunga, iliyojengwa na mabruda wa shirika la CMM kutoka Tilburg, Uholanzi. Bruda si padre. Hana daraja takatifu, hasomi Misa, haondolei mtu dhambi. Anafundisha hesabu, anasimamia bweni na anapiga magoti kanisani kama wengine. Mafunzo makubwa zaidi ya uongozi ambayo Kanisa Katoliki liliwahi kuyatoa Mosocho, basi, yalitolewa na wanaume wasio mapadre kwa wavulana ambao wengi wao hawangekuwa mapadre. Waliotoka pale wakawa walimu, makarani, madaktari na wanasiasa. Wamezoea kuendesha shule zenye mamia ya wanafunzi na bajeti za mamilioni. Jumapili wanaketi kwenye benchi la tatu, na mkutano wa kamati ukiitwa wanaombwa kushauri kuhusu rangi ya viti.

Otunga akiwa askofu wa Kisii, jimbo lake lilikuwa kubwa kuliko la leo. Lilishika pia nchi ya Waluo ya Nyanza Kusini, ambayo ilibaki chini ya Kisii hadi Jimbo la Homa Bay lilipoundwa 1993. Na ni huko, 1963, ambako walei walitoa jibu ambalo hakuna mtu aliyelitarajia.

Lejio ya Maria ilianzishwa Dublin 1921 na Frank Duff, mtumishi wa serikali, mlei. Ililetwa Afrika Mashariki 1936 na Edel Quinn, mwanamke wa Ireland, mlei vilevile, mgonjwa wa kifua kikuu, aliyezunguka nchi hizi hadi alipofia Nairobi Mei 1944. Ni chama ambacho kazi yake yote ni walei kwenda nyumba kwa nyumba, kuwatembelea wagonjwa na kusali nao. Waluo wa Nyanza Kusini walikishika kwa mikono miwili, na si ajabu, maana kiliwapa kazi. Kisha wakafika ukingoni mwa kile walichoruhusiwa. Wagonjwa walitaka kuombewa wapone. Watu walitaka kutolewa pepo. Watoto walikuwa wanakufa bila ubatizo huku mapadre wakiwa mbali na masharti yakiwa mengi. Mwaka 1963 Simeo Ondeto, aliyekuwa Mkatoliki, na Gaudencia Aoko, mama kijana aliyekuwa amefiwa na watoto, wakaanza kuyafanya hayo yote wenyewe. Aoko alibatiza umati. Likazaliwa kanisa la Legio Maria, na katika muda mfupi likachukua makumi ya maelfu ya watu. Hadi leo ni kati ya makundi makubwa zaidi yaliyowahi kujitenga na Kanisa Katoliki katika Afrika.

Wanahistoria wa Kanisa hupenda kulieleza tukio hilo kwa uchawi, ndoto na siasa za uhuru uliokuwa unakaribia. Vyote vilikuwepo. Lakini ukiliangalia kama suala la uongozi, ni jambo la wazi: watu walifundishwa kuongoza hadi mlangoni, wakaambiwa wasubiri hapo, na baadhi yao wakaingia bila kubisha hodi. Kilichofuata kinafundisha hata zaidi. Legio Maria ilijiundia papa wake, makardinali wake, maaskofu na mapadre, na kanzu za rangi zote. Aoko, ambaye bila yeye hakuna ambaye angesikia habari zao, baadaye alitengana na kundi kuu, na upadre ukabaki wa wanaume. Waliotoka walikuwa wamebeba kila kitu, mpaka kofia.

Miaka michache baadaye, upande wa pili wa mpaka, katika wilaya ya North Mara, mtafiti aitwaye Marie-France Perrin Jassy alikaa na Waluo wa Tanzania akichunguza kwa nini makanisa huru yanawavuta watu ambao parokia inawapoteza. Alichokiona si siri tena. Katika kanisa huru kundi ni dogo, watu wanajuana, kila mmoja ana cheo au kazi, na mwenye shida huonekana siku hiyohiyo. Parokia za wamisionari wa Maryknoll za eneo hilo zilikuwa zimeanza kujaribu vikundi vidogo vya namna hiyo katikati ya miaka ya 1960. Maaskofu wa nchi za AMECEA, yaani muungano wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walilichukua wazo hilo, na katika mkutano wao wa 1976 jijini Nairobi wakaamua kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwe ndiyo kazi ya kwanza ya kichungaji katika Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, jumuiya ambayo leo hukutana kwa mama fulani Mosocho kusoma Injili ya Jumapili ina deni kwa watu waliolihama Kanisa. Deni hilo halitajwi sana kwenye vitabu vya mafunzo.

Jumuiya ni kitu kizuri, na ninalisema hilo bila kejeli. Aliyefiwa katika vilima hivi hajui Kanisa ni nini mpaka jumuiya ifike na sufuria, kuni, turubai na watu wa kulala naye mpaka siku ya mazishi. Hakuna aliyewafunza kazi hiyo. Wagusii walikuwa na risaga, kazi ya kusaidiana kulima na kuvuna kwa zamu, na walijua kuita watu, kuwagawia kazi na kumwaibisha mvivu muda mrefu kabla ya mwongozo wa jimbo. Jumuiya ilikuta utaratibu uko tayari, ikauwekea rozari.

Kisha jumuiya ikapewa kadi. Katika parokia nyingi za Kenya, anayetaka mtoto wake abatizwe, ndoa ifungwe au mzee wake azikwe na padre hupitia kwanza kwa mwenyekiti wa jumuiya, ambaye huthibitisha kwamba mtu huyo ni mshiriki hai. Uhai huo hupimwa kwa mahudhurio na, bila kuzungukazunguka, kwa zaka na michango. Nia ilikuwa njema: padre hawezi kumjua kila mtu. Lakini ukitazama vizuri utaona mlei amepewa mamlaka ya kuzuia huku akinyimwa mamlaka ya kupanga. Anaweza kumnyima mjane sahihi. Hawezi kuamua kwamba mwaka huu parokia isimamishe ujenzi wa ukuta ili iwalipe makatekista.

Hili halitokani na ubaya wa padre fulani. Limeandikwa. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 536, inasema halmashauri ya kichungaji ya parokia itakuwepo askofu akiona inafaa, itaongozwa na paroko, na kura yake ni ya ushauri tu. Kanuni inayofuata, ya 537, inataka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha, na hiyo si hiari, ingawa nayo kazi yake ni kumsaidia paroko, na paroko ndiye anayewakilisha parokia katika mambo yote ya kisheria. Mlei anaweza kukaa katika vyombo hivyo miaka 20 bila hata siku moja kupiga kura inayomfunga mtu. Ana haki ya kusema, na paroko ana wajibu wa kusikiliza. Kusikiliza ni fadhila, na sheria haina kipimo cha fadhila.

Ongeza juu ya hapo jambo la uhamisho. Paroko hukaa miaka kadhaa, kisha barua ya askofu inakuja. Mlei haendi popote. Amezaliwa hapo, atazikwa hapo, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Kila anayeufahamu mwenendo wa parokia anajua kinachoweza kutokea paroko mpya anapofika: kamati ya zamani inashukuriwa kwa utumishi wake na kuvunjwa, mpango wa miaka mitano unawekwa kabatini, na ujenzi uliofika lenta unangoja maono mapya. Anayeondoka ndiye anayeamua, na atakayebaki na matokeo anaombwa maoni. Sioni semina ya wikendi itakayomkomaza mtu katika utaratibu kama huo. Mtu hukomaa katika uongozi akikabidhiwa jambo linaloweza kumharibikia, kisha akasimama mbele ya watu kulitolea hesabu. Ambaye uamuzi wake hauwezi kuharibu chochote hawezi kujifunza chochote, hata akipewa cheti.

Imewahi kujaribiwa kwa namna nyingine, na katika Afrika hiihii. Huko Kinshasa, kuanzia miaka ya 1970, Kardinali Joseph-Albert Malula aliweka walei wenye ndoa na kazi zao kuwa wakuu wa parokia, wakiitwa bakambi, huku padre akija kwa sakramenti na usimamizi wa jumla. Hakuwateua kwa sababu mapadre walikuwa wamekwisha. Aliamini kwamba Kanisa la Kongo lazima liwe na sura ya wenyeji wake. Walifundishwa kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa, wakakabidhiwa kweli. Nchi za AMECEA zilimsifu Malula kwa mbali, kama mtu anavyomsifu jirani anayelea nyuki.

Mwishoni mwa Sinodi ya Maaskofu, Oktoba 2024, hati ya mwisho ilisisitiza kwamba vyombo vya ushiriki, halmashauri za parokia zikiwemo, viwe vya lazima. Ni hatua, ingawa halmashauri ya lazima yenye kura ya ushauri bado ni halmashauri ya ushauri, tofauti ni kwamba sasa haitakosa akidi.

Katika suala la fedha Wakenya walishuhudia somo la wazi mwezi mmoja baadaye. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa mchango wa shilingi milioni 2.6 katika Kanisa Katoliki la Soweto jijini Nairobi, sehemu kubwa ikiwa ya nyumba ya padre. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo, ambaye aliwahi kuwa Askofu wa Homa Bay, alitangaza kwamba fedha hizo zirudishwe, kwa sababu Kanisa lisitumiwe kwa siasa. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana. Lakini ulikuwa ni uamuzi wa mtu mmoja kuhusu fedha zilizotolewa na mtu mmoja. Waumini waliopiga makofi Jumapili walijikuta wakipiga makofi tena Jumatatu, kwa sababu iliyo kinyume. Parokia ambayo halmashauri yake ya fedha imezoea kusema hapana isingehitaji kuokolewa na tangazo la askofu mkuu; na parokia iliyozoea harambee ya mgeni mashuhuri haina mazoezi hayo. Hapa Gusii, ambako kila uzinduzi wa kanisa una kiti cha mbele cha mbunge, zoezi hilo lingeanza lini?

Jirani wa Mkatoliki wa Mosocho, mara nyingi ndugu yake wa damu, ni Mwadventista Msabato. Wasabato walifika Gendia karibu na Kendu Bay 1906, na miaka michache baadaye wakapanda mlima wa Nyanchwa juu ya mji wa Kisii. Leo Gusii ni kati ya ngome zao kubwa katika Afrika Mashariki, na kaunti za Kisii na Nyamira, zenye watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2019, huwezi kuzielewa bila wao. Mchungaji wao mmoja huhudumia makanisa mengi kwa pamoja, kama paroko na vigango vyake. Tofauti iko kwenye kinachofanyika asipokuwepo. Mzee wa kanisa, ambaye ni mlei, anaendesha Sabato: anapanga mhubiri, mara nyingi ni yeye, anaongoza baraza, anasimamia nidhamu. Amechaguliwa na kanisa lake kupitia kamati ya mapendekezo, kwa muhula wa mwaka mmoja au miwili, kisha jina lake linarudi mezani. Shule ya Sabato imegawanya watu katika madarasa madogo ambako kila wiki mtu wa kawaida husimama na kufundisha wenzake akiwa na kijitabu mkononi. Mvulana wa miaka 15 anayesoma taarifa ya umisionari mbele ya watu 200 amepata mafunzo ya uongozi bila kuambiwa kwamba yuko kwenye mafunzo.

Sisemi kwamba huko ni peponi. Kamati ya mapendekezo inaweza kuwa mahali pa fitina kama kamati yoyote ile, koo hupimana nguvu ndani yake, na zaka hupelekwa makao ya konferensi bila kanisa la kijijini kuwa na sauti juu yake. Kuna wazee wa kanisa ambao waumini wangewabadilisha kwa paroko yeyote bila kuuliza bei. Ila muhula unaisha. Hilo peke yake limewafundisha Wasabato wa Gusii jambo ambalo Wakatoliki wenzao hujifunza kwa shida: kwamba mtu anaweza kuondoka kwenye uongozi akiwa hai.

Maana hapa ndipo lawama inapopaswa kugeuka. Walei wakilalamika kwamba mapadre wameshika kila kitu, wana haki. Wakipewa wao, hushika vivyo hivyo. Mwenyekiti wa kigango aliyeingia wakati wa ujenzi wa kanisa la mabati bado yupo, kanisa la matofali limekwisha, na anaongea kuhusu waumini kwa sauti ya paroko wa 1965. Mara nyingi ni mwalimu mkuu mstaafu. Amestaafu shuleni kwa sababu sheria ilimlazimisha. Kanisani hakuna sheria hiyo, kwa hiyo shule imehamia huku. Wanawake ndio wengi kwenye jumuiya, ndio wanaojua nani hajaonekana wiki mbili na kwa nini, na ndio wanaochaguliwa kuwa waweka hazina, kwa sababu fedha hazipotei mikononi mwao. Uenyekiti ni jambo jingine. Vijana wameambiwa kuwa wao ni kanisa la kesho tangu wazazi wao walipokuwa vijana.

Serikali ilifanya jaribio dogo bila kukusudia. Julai 2020, makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa baada ya miezi ya korona, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliye juu ya miaka 58. Kanuni ya mwisho iliondoa kanisani, kwa mpigo mmoja, sehemu kubwa ya uongozi wa walei wa nchi nzima. Watu wa miaka 30 walipima joto mlangoni, wakapanga viti, wakaandika majina, wakasoma masomo. Ibada ikaisha kwa saa moja. Masharti yalipolegezwa wazee walirudi kwenye nafasi zao, na ibada nazo zikarudi kwenye urefu wake.

Kama jimbo, au parokia moja tu jasiri, lingetaka kwenda mbali zaidi ya semina, mambo ya kuanzia si mengi na hayahitaji ruhusa ya Roma. Askofu anaweza kuweka muhula kwa kila kiti cha mlei. Paroko anaweza kusema hadharani, mbele ya halmashauri, ni maamuzi gani atafuata ushauri wao hata akiona tofauti: posho ya makatekista, kwa mfano, au mfuko wa wagonjwa. Hakuna kanuni inayomkataza kujifunga hivyo. Hesabu za parokia zinaweza kusomwa na mweka hazina, kwa Kiswahili au Ekegusii, siku ambayo watu wako wengi, na maswali yakaruhusiwa. Katekista na msomaji wanaweza kufundishwa Maandiko kwa mwaka mzima badala ya siku mbili. Hayo yote yanahitaji padre anayekubali kupungua kidogo, na mapadre wa namna hiyo wapo.

Lakini kuna uwanja ambao kura ya mlei haijawahi kuwa ya ushauri. Nyumbani kwake, langoni pa jirani yake, kwenye njia ya kijijini, hakuna kanuni ya 536. Oktoba 2021, huko Marani, si safari ndefu kutoka Mosocho, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Katika kaunti ya namna hii, ambako karibu kila mtu ana kanisa, kundi la watu haliwezi kukusanyika bila kuwa na waliobatizwa ndani yake, na hata wenye vyeo vya kanisa hawakosi kuwa miongoni mwa majirani waliosikia fununu siku kabla. Kuzuia jambo kama hilo hakungoji daraja takatifu. Kunahitaji mtu anayejulikana kijijini, ambaye sauti yake ina uzito, asimame fununu ikiwa bado fununu, aseme jina la yule bibi na kwamba ni mshiriki wa jumuiya yetu. Sijawahi kuona somo hilo kwenye ratiba ya semina ya viongozi.

Na kuna ukeketaji. Sheria ya Kenya iliupiga marufuku 2011, si Ukatoliki wala Usabato unaoufundisha, na uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 84 ya wanawake Wagusii walikuwa wamekeketwa. Hesabu hiyo haiwezekani bila mama wa kwaya, baba wa kamati ya ujenzi na muuguzi anayesoma somo la pili. Mosocho ina nafasi ya pekee hapa. Tangu 2002 mradi wa Fulda-Mosocho, ulioanzishwa na Wajerumani kutoka Fulda, umekuwa ukifundisha wanawake na wanaume wa eneo hili kuhusu hadhi ya mwili wa mwanamke na kuwaandaa wawafundishe wenzao. Fulda, kwa wasiojua, ni mji ambamo kaburi la Mtakatifu Bonifasi limo, yule Mwingereza aliyewaletea Wajerumani Injili, hivyo huenda waliona ni zamu yao. Chochote mtu atakachosema kuhusu wageni na miradi yao, huu ulianza kwa kuwakabidhi watu wa hapa jambo gumu la kwenda kulisema nyumbani kwao wenyewe, kwa mama mkwe, kwa shangazi, kwa wazee waliozoea kusikilizwa tu.

Shule hufungwa mwishoni mwa mwaka, na msimu wa ukeketaji huwa Novemba na Desemba. Ni wakati uleule jumuiya zinapokutana kufunga mwaka, watu wote wakiwepo, hata wale wa Nairobi wakianza kurudi. Mwenyekiti anaweza kuweka jambo lolote kwenye ajenda ya mkutano huo bila kumpigia paroko simu. Ajenda za Novemba ninazozifahamu huwa na mambo matatu: madeni ya zaka, zawadi ya Krismasi ya padre, na sare mpya za kwaya.